Nusu Mzunguko wa Skrubu

Siku ya ishirini baada ya kuzikwa Ami Seif, mkewe, Bi Zuhura, aliniita nyumbani kwao Malindi, hapa Unguja, akanikabidhi vitu viwili: bunduki ya upepo iliyofungwa ndani ya kanga kuukuu, na kibweta cha miwani. Yeye yumo kwenye eda, hatoki, amekaa juu ya mkeka chini ya saa ya ukutani ambayo Ami alikuwa akiitia ufunguo kila Ijumaa na ambayo sasa imesimama. "Chukua, vyako hivi," alisema. Bunduki nilielewa. Miwani nilimnunulia Ami mimi mwenyewe, kwa hivyo nikadhani ananirudishia zawadi, kama watu wanavyorudisha sahani iliyoletwa na futari. Nikapokea kwa mikono miwili, nikakaa, nikanywa chai aliyonimiminia. Haikuwa na sukari hata chembe. Nikainywa yote, nikashukuru. Mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na moja, nina karakana ya pampu na majenereta, mafundi wangu wanasema ulimi wangu unakata kuliko msumeno, lakini nikishapanda ngazi za nyumba ile huwa bubu. Na ububu huo ndio uliotugharimu katika mwaka ninaotaka kuueleza.

Habari za mababu zangu, nani alikuwa na shamba la mikarafuu na nani aliliuza, nitaziacha. Kila mtu wa Mji Mkongwe anazo za kwake na zote zinafanana. Inatosha kusema kwamba nilipokuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza chuo cha ufundi na sina kazi, nilihamia kwa Ami Seif, kaka mkubwa wa baba yangu. Alikuwa na duka la kutengeneza cherehani Mlandege na alitaka mtu wa kumsomea vitabu vya maelekezo. Mwaka huo hoteli moja ya pwani, mbele kidogo ya Mangapwani, ilikuwa imeshindwa na kunguru, hawa wetu wenye shingo ya kijivu wasiomwonea haya mtu. Walikuwa wakishuka juu ya meza za wageni wakachukua mayai, wakachukua mkate mkononi mwa mwenyewe, wakaingia jikoni kama waliotumwa. Meneja akaagiza bunduki ya upepo, akahangaika na vibali vyake vyote polisi mpaka akavipata, kisha akatafuta mtu wa kuipiga. Kila aliyemuuliza alimtajia Ami. Alikuwa na miaka sitini na tatu wakati huo, mfupi, mkimya, na tangu ujana wake mji mzima ulikuwa ukimjua kwa shabaha. Wenzake wa umri ule walikuwa wameshahamia barazani kucheza bao na kulalamikia magoti. Yeye alikuwa na kunguru wake, na nadhani hakuna mwaka aliotembea kwa furaha kama ule. Tulipatana hivi: yeye atapiga, mimi nitaitunza bunduki. Asubuhi tatu kila wiki tulipanda Vespa yake baada ya sala ya alfajiri, bunduki mgongoni mwangu, tufike kabla wageni hawajaamka.

Haikuwa bunduki ile ya kukunja katikati waliyokuwa nayo vijana wa zamani. Hii ilikuwa na mtungi mwembamba chini ya mtutu, unaojazwa hewa ya presha kubwa kutoka kwenye mitungi ya wazamiaji wa hoteli. Ndani yake mna regileta, kidude kinachopokea hewa yote ile na kuitoa kwa kipimo kimoja, ili risasi ya kwanza na ya thelathini zipate sawa. Ukivuta kifyatuo, nyundo ndogo ya chuma, nene kama kidole gumba, inasukumwa na springi ikagonge vali. Vali inafunguka kidogo sana, hewa inachomoka, kijirisasi kinakwenda. Nyuma ya springi ile kuna skrubu, na kazi yangu yote ya mwaka ule ilikuwa juu ya skrubu hiyo. Ukiilegeza, nyundo inagonga kinyonge na mwendo wa risasi unashuka. Ukiikaza, mwendo unapanda, unapanda, mpaka unafika mahali haupandi tena hata ukaze namna gani. Kinachozidi hapo ni kelele na hewa inayomwagika bure. Pahala pazuri ni nyuma kidogo ya hapo. Ukipapata, hata presha ikijiongeza kidogo ndani ya regileta bunduki ikiwa imelala, mwendo haubadiliki. Ukipapita, risasi ya kwanza ya asubuhi inakwenda kasi kuliko zote zinazofuata, na inapita juu. Kwa kopo la maziwa hilo si neno, utapiga ya pili. Lakini kunguru hakupi ya pili. Ukikosa mara moja wote wananyanyuka, wanaishika sura yako, wanaishika kofia yako, wanaushika hata mlio wa Vespa, na asubuhi hiyo imekwisha. Kwa hivyo sisi tulikuwa na risasi moja tu, na ndiyo hiyo ya kwanza.

Nilikuwa nikiipima bunduki nyumbani, kwenye ukumbi wa chini, ambao ni mrefu na mwembamba na una giza hata adhuhuri, kuta zake nene kama mkono mzima. Mwisho mmoja jiko, mwisho wa pili mlango wa njiani, na mbele ya mlango huo uliofungwa kwa komeo niliweka sanduku lililoshindiliwa matambara na magazeti. Mbele ya mtutu niliweka kipima mwendo, kimashine kidogo kinachosoma kasi ya risasi ikipita juu yake. Nilikuwa nikimpigia kelele Bi Zuhura asitoke jikoni, naye akinipigia kelele nisije nikamtobolea sufuria yake. Kila mara nililegeza upya skrubu mpaka namba zikashuka, nikakaza mpaka zikakwama, nikarudisha nyuma kidogo, nikapiga kumi, futi kwa sekunde: mia nane na tisini, mia nane na themanini na tisa, mia nane na tisini na moja. Nilizisoma zile namba kwa sauti kama mtu asomaye majina ya waliofaulu. Sikuwa nikihesabu mizunguko ya skrubu. Niliona kuhesabu mizunguko ni ufundi wa kizamani, ufundi wa Ami, maana yeye hakuwahi kufungua kitu bila kuhesabu ngapi amefungua. Mimi nilikuwa na mashine ya kuniambia.

Kisha tunakula. Wali, mchuzi wa pweza wa nazi, kachumbari yenye pilipili ya kumtoa mtu machozi, Ami akiuliza, "Imekubali?" nami nikijibu, "Imekubali, Ami," na habari za bunduki zikaishia hapo. Alasiri ililetwa chai. Na hapa lazima niseme jambo la chai ile. Ami alikuwa na maradhi ya sukari na daktari alimkataza kila kitamu. Bi Zuhura akapunguza sukari kwenye chai ya nyumba nzima. Ami, naye, alikuwa na kopo ndani ya droo, mtoto wa meza ya cherehani kuukuu iliyokuwa pale sebuleni, kopo lililoandikwa "springi" kwa mkono wake, na Bi Zuhura akigeuka tu, vijiko viwili vinaingia kikombeni. Bi Zuhura alijua, kwa hivyo akaacha kutia sukari kabisa. Ami akaonja, akafikiri, akapandisha vijiko vikawa vitatu. Hakuna hata siku moja iliyopita mtu akasema neno. Mimi niliyekaa katikati nilikunywa chai chungu mwaka mzima, nikicheka moyoni na kujiona mjanja kuliko wote wawili.

Asubuhi hotelini ilikuwa balaa. Ami analala chini nyuma ya ukuta mfupi wa bustani, kunguru mkubwa ametua ukingoni mwa paa la makuti, mita arubaini hivi, hana habari. Ami anavuta pumzi, anasema bismillahi, anafyatua, na kijirisasi kinapita juu ya kichwa cha ndege, upana wa kidole tu. Kelele juu, wote angani, asubuhi imekwisha. Kwa kuthibitisha tunapiga kopo: ya pili inapata, ya tatu inapata, ya kumi inapata. Wiki hii hivyo, wiki ijayo hivyo, pengine mara moja kati ya tano anaanguka mmoja. Nilishika regileta, nikaifungua na kuifunga mara tatu, nikabadilisha mipira yake yote. Nikashuku hewa ya wazamiaji kwamba ina unyevu, nikagombana na kijana wa mitungi mpaka akawa akiniona ananikimbia. Nikashuku vijirisasi, nikavipeleka kwa sonara nikavipima kimoja kimoja kwenye mizani ya dhahabu, sonara akiniangalia kama niliyerukwa na akili. Na kila nikirudi ukumbini na kipima mwendo, namba zilezile: mia nane na tisini. Nilikuwa nikiwaza springi ile nikila, nikiwaza nikifua, nikiomba dua kwa ajili yake, Mungu anisamehe. Ami hakunilaumu hata kwa jicho. Njiani kurudi alikuwa akisema tu, "Insha Allah kesho," na upole wake huo ukinikera kuliko matusi.

Ilikuwa mwezi wa saba nilipojua. Tumeshakula, nimepanda juu kuanua nguo, nashuka ngazi miguu mitupu. Katika nyumba zetu zile za mawe, maneno yanayosemwa jikoni yanapanda kwa ngazi yenyewe, hayahitaji mtu wa kuyabeba. Nikasikia sauti ya Ami.

"Leo tena nimeikuta imelegea. Nshaikaza, nusu mzunguko."

"Mwambie basi," alisema Bi Zuhura.

"Nimwambie nini? Mtoto kasoma, anajitahidi, kutwa yumo na daftari lake. Lakini bunduki inalia kinyonge, masikio yangu yanasikia. Mashine iliyo nzima haisemi vile. Mie nikitoka msikitini naikaza kimya kimya, basi. Usimwambie, ataona haya."

Nilikaa palepale kwenye ngazi na nguo mapajani. Miezi saba! Miezi saba ninapata pahala pazuri, na kila alfajiri mzee anatoka msikitini na kupapita kwa nusu mzunguko. Na kipima mwendo changu hakikuweza kuniambia, kwa sababu ukishapita pale namba hazipandi. Ukipiga kumi mfululizo zote zinasema mia nane na tisini, wakati ile moja ya asubuhi, bunduki imelala usiku kucha na presha imejiongeza, ndiyo inayoruka. Nilikumbuka sonara, nikamkumbuka kijana wa mitungi, nikatamani kupiga ukuta kichwa. Na hapo ndipo ningeshuka ngazi nane zilizobaki, niingie jikoni, niseme: Ami, hapo unakosea. Maneno matatu. Lakini huyu ni mtu aliyesikiliza mashine kwa miaka arubaini, anayenilisha, aliyenipa bunduki ya watu mkononi wakati majirani wanauliza mtoto wa kike na mtutu wapi na wapi. Sikuwahi kusikia mtu yeyote ndani ya nyumba ile akimwambia kwamba amekosea. Angenisikiliza, najua. Angesema "ahsante, mwanangu," na angeona haya mbele ya mkewe, na mimi ningekuwa ndiye niliyemtia haya ile. Nikaamka, nikapanda juu tena, nikashuka safari ya pili nikipiga miguu ili wanisikie.

Ujanja wangu ulikuwa mwepesi. Kesho yake nikaiweka skrubu pale pahala pake, kisha nikailegeza nusu mzunguko kwa makusudi. Alfajiri Ami akaja, akaikuta imelegea, akaikaza nusu mzunguko. Tukafika hotelini, kunguru akatua ukingoni mwa paa, Ami akafyatua, na ndege akaanguka bila hata kupiga bawa. Ami alinigeukia na uso wa kijana wa miaka ishirini. "Umeona?" aliniambia. "Umeona, Raya?" Wiki tano tulikwenda hivyo. Kila asubuhi risasi moja, kunguru mmoja. Meneja akaacha kutazama saa yake. Nyumbani Ami alikuwa akisimulia kila shabaha kwa mikono, wali unapoa, na Bi Zuhura akisema, "Haya, kula kwanza, kunguru keshakufa huyo." Nilifurahi na nilichukia kwa pamoja. Nilikuwa nimepata majibu ya kazi yangu na sikuweza kumwonyesha mtu.

Wiki ya sita meneja akatuambia wenye hoteli wamefika, wanataka kuona kwa macho yao, na wakiridhika wanataka Ami awafanyie kazi hoteli zao zote mbili na afundishe wengine. Siku hiyo Ami alivaa kofia yake ya viua ambayo huivaa Idi. Wenye hoteli walikuwa wawili, wamesimama nyuma yetu na vikombe vya kahawa, wageni wachache walioamka mapema wakasogea pia. Kunguru akatua. Ami akasema bismillahi. Niliposikia mlio nilijua kabla sijaona: ulikuwa mlio mdogo, wa kinyonge kwelikweli. Risasi ilishuka upana wa vidole vitatu ikampiga ndege kwenye mguu na bawa. Akaporomoka juu ya makuti, akaangukia kwenye meza iliyokuwa ikiandaliwa, akawa anazunguka kati ya vikombe na mkate, akilia kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka, na wenzake mamia wakaja juu yetu wakilia pia. Mtoto wa mgeni akapiga yowe. Ami alisimama, akaenda mpaka mezani, akamkamata yule ndege kwa mikono miwili kwa upole, akapita naye nyuma ya jiko, akammaliza. Aliporudi alikuwa amenawa na maji yanamchuruzika viganjani. Akasimama mbele ya meneja na wale wawili.

"Bunduki haina kosa," alisema. "Binti kaitengeneza vizuri. Ni macho yangu mie. Yamechoka."

Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka alipo, ufunguo wa skrubu umo mfukoni mwangu, nikaufumba ndani ya ngumi mpaka ukaniachia alama. Asubuhi ile Ami hakuwa ameikaza bunduki. Kwa nini siku hiyo, kati ya siku zote, sikujua, na sikuweza kumuuliza bila kueleza nilichokuwa nikifanya mimi. Njia nzima ya kurudi aliniachia Vespa niendeshe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa nyuma, bunduki mapajani. Nyumbani aliichukua akaingia nayo chumbani, na mimi sikuigusa tena. Kazi ya hoteli ikaisha siku hiyo. Meneja hakutaka tena kuiona bunduki ile, akamwachia Ami, vibali vikahamishwa, ikatundikwa. Wiki ya pili yake nikamnunulia Ami miwani, kwa sababu kununua miwani ilikuwa rahisi kuliko kusema. Aliijaribu pale pale, akatazama dirishani, akasema, "Mashallah, naona mpaka Tumbatu." Akahamia barazani na wenzake. Nikahama kwao mwaka uleule, na miaka kumi na minane nilikwenda kumwamkia kila Ijumaa, na kila Ijumaa alikuwa na miwani ile puani, na mara tatu nilimbadilishia vioo. "Shikamoo, Ami." "Marahaba, mwanangu." Nikimtazama vioo vile nikawaza: nimempofua mtu mzima aonaye.

Sasa bunduki imo karakanani kwangu. Baada ya kumaliza habari za vibali niliisafisha, nikabadilisha mipira iliyokauka, nikaijaza hewa kwa pampu ya mkono, kazi ya kutoa jasho, nikaweka kipima mwendo na kupiga. Mia saba na ishirini. Nikapiga tena, mia saba na kumi na nane. Nikahesabu skrubu, maana siku hizi nahesabu: nusu mzunguko nyuma ya pahala pake, vilevile nilivyoiacha mimi kabla ya alfajiri ile. Mtu ambaye hakuweza kulala bila kuikaza aliiacha imelegea miaka kumi na minane. Nikafungua kibweta. Vioo havikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na vile vidude vya puani bado vyeupe, kama miwani iliyotoka dukani jana. Nikafunga karakana mapema nikarudi Malindi.

Bi Zuhura alikuwa palepale chini ya saa. Akanimiminia chai. Safari hii sikuzunguka.

"Bi Zuhura, siku ile wenye hoteli walipokuja, Ami hakuikaza bunduki?"

"Hakuikaza. Mie ndo nlomkataza. Nlimwambia, mwache mtoto leo, wakubwa wamekuja, kazi yake, akisifiwa asifiwe yeye. Maisha yake yote alikuwa hanisikilizi. Siku ile akanisikiliza."

"Na akajua?"

"Alijua alasiri ile ile. Aliifungua mle chumbani, akahesabu mizunguko yake, akakuta nusu ileile anayoikaza yeye ndiyo iliyopungua, akakaa. Mwisho akacheka mpaka akakohoa. Akanambia, 'Zuhura, huyu mtoto alikuwa akiilegeza ili mie niikaze. Alikuwa anajua muda wote.' Nikamwambia, mwite basi muyamalize. Akasema, 'Usimwambie, ataona haya.'"

"Na miwani?"

"Miwani akiivaa akisikia sauti yako mlangoni. Ukishashuka ngazi anaivua. Ikimtia kizunguzungu. Macho yake mazima yale, mpaka mwezi alokufa akitia uzi kwenye sindano ya cherehani mara moja tu."

"Basi kwa nini hakurudi hotelini?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mimi sijawahi kupandisha sauti katika chumba kile. "Kwa nini hakwenda akawaambia macho yake mazima?"

"Angekwenda vipi, Raya? Kashasema mbele ya watu kuwa kosa lake. Akirudi wangeuliza, basi lilikuwa la nani?"

Nilikasirika. Nimekasirika mpaka leo ninapoandika, na wa kumkasirikia nimemzika. Mtu aliyependa kitu kimoja hivyo alikaa barazani miaka kumi na minane akivaa vioo vya kumtia kizunguzungu, ili mimi nisione haya. Na mimi miaka hiyo hiyo nilikuwa nikimnunulia vioo, ili yeye asione haya. Tungeyamaliza kwa maneno matatu, jikoni, pweza akiwa bado motoni. Nilitaka kulia, nikanywa chai badala yake, na chai ilikuwa chungu vilevile kama siku zote, na kwa mara ya kwanza niliisikia kweli uchungu wake. Nikaweka kikombe chini.

"Bi Zuhura," nikasema, "chai hii haina sukari."

Mkono wake ulisimama juu ya birika. Kisha uso wake ukafunguka, sijui kwa kicheko au kwa kilio, vyote vilikuwamo.

"Haina," alisema. "Siku zote hizi nawatilia watu chai hii. Mkono wangu ushazoea kumwachia yeye nafasi. Wamekuja wa mjini, wamekuja wa shamba, wamekunywa, wameshukuru, wamekwenda zao. Nlikuwa nangoja aseme mtu."

Akanyanyuka polepole, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya cherehani, akavuta ule mtoto wa meza bila kupapasa, akatoa kopo lililoandikwa "springi". Lilikuwa limejaa.

"Vijiko vingapi?" aliniuliza.

"Vitatu," nikasema.